Kichefuchefu cha Kila Jumapili

Miwani ililetwa nyumbani kwangu Nguvumali na rafiki wa binti yangu, muuguzi mwenzake aliyekuja likizo kuwaona wazazi wake Muheza. Alinisalimia, "Shikamoo baba," akaweka boksi jeupe mezani, akakataa chai kwa sababu bajaji ilikuwa inamsubiri nje. "Binti yako atakupigia akueleze namna ya kuivaa," alisema. Alipoondoka nililitazama lile boksi kwa muda bila kulifungua. Tangu mke wangu afariki, ilikuwa nadra mtu kuniletea kitu ambacho si chakula.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya ufundi umeme. Binti yetu ndiye mtoto wetu pekee. Anaishi nchi moja ya kaskazini kwenye baridi, ameolewa na mwanamume wa huko, na wakati huo walikuwa na mtoto wa kike wa miaka minane. Mjukuu wangu nilikuwa nimemshika mikononi mara moja tu, walipokuja kumzika bibi yake, naye alikuwa mdogo mno kukumbuka. Baada ya hapo tulijuana kwa simu. Kila Jumapili binti yangu aliishika simu mbele ya uso wa mtoto.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Maneno yalikuwa yanaishia hapo. Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha, na lugha ya kwao mimi siijui hata kidogo. Nilikuwa nauliza amekula nini, mama yake anatafsiri, mtoto anajibu huku akitazama pembeni, mama anatafsiri tena. Kabla jibu halijanifikia, mtoto alikuwa ameshatoka mbio. Nilisikia nyayo zake zikipungua kwenye sakafu ya mbao ya nyumba ambayo sijawahi kuingia.

Miwani ile, ya kufunika macho yote na kukuingiza kwenye dunia ya michezo ya kompyuta, ilikuwa wazo la binti yangu. Mtoto alikuwa na ya kwake, ya michezo, na kila alipoivaa alikuwa mchangamfu na mwenye maneno mengi. "Baba, huko ndani mtakutana," aliniambia. "Mtacheza wote. Hamhitaji lugha."

Nilitaka kumkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu utotoni, kwamba baba yake hawezi safari. Wazazi wangu walishuka kutoka milima ya Usambara kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Maramba, na kila mwisho wa mwaka tulipanda lori kurudi kwa babu zetu. Mimi nilitapika kuanzia kona ya kwanza hadi ya mwisho. Ukubwani haikuniacha. Kazini mafundi wenzangu walirukia nyuma ya pikapu, mimi nikaachiwa kiti cha mbele karibu na dereva bila hata kuomba. Mara moja tu nilikwenda Mkwaja kufunga nyaya kwenye zahanati, na niliporudi nililala siku nzima. Lakini hii haikuwa safari. Ningekuwa nimesimama sebuleni kwangu. Nikamwambia sawa.

Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, niliiweka simu mezani kwa sauti kubwa, nikaivaa miwani, nikakaza mkanda kama binti yangu alivyoniagiza. Mikononi nilishika rimoti mbili ndogo. Sebule yangu ikapotea. Nikajikuta kwenye chumba kikubwa cheupe, na mbele yangu akatokea mbweha mwenye kofia nyekundu, hana miguu, mikono yake inaelea hewani.

"Shikamoo babu!"

Sauti ilikuwa sikioni kabisa. Kwenye simu sauti yake ilikuwa inatoka kwa mtu aliye mbali. Hapa ilitoka kwa mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwangu, mfupi kuliko mimi, akiniinulia uso. Nikaitikia. Akanionyesha kwa kidole mlango, akasema neno ambalo mama yake lazima ndiye aliyemfundisha asubuhi ile: "Twende!"

Mchezo ulikuwa wa kuruka. Mlikuwa mnavaa mabawa, mnajirusha kutoka kwenye ukingo wa jabali, mnapita katikati ya visiwa vilivyoning'inia angani mkikusanya taa za dhahabu. Mjukuu wangu alijirusha huku akicheka. Mimi nikamfuata.

Mate yalinijaa kinywani kabla sijafika kisiwa cha kwanza. Halafu jasho jembamba likanitoka nyuma ya shingo, la baridi, na vidole vikafa ganzi. Macho yangu yalikuwa yanaona bahari ikizunguka chini yangu, na nyayo zangu zilikuwa zimekanyaga saruji isiyotikisika. Nilijilazimisha kumtazama yule mbweha tu. Alikuwa anageuka kila mara kuhakikisha nipo. "Babu!" anaita. Nami najibu, "Nipo!" Tulipotua nilimwambia mama yake kwamba betri inakwisha, nikavua miwani, nikawahi chooni.

Jioni ile nililala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kinayumba. Jirani alikuwa anakaanga samaki na harufu yake ilinitapisha upya. Lakini nilipokuwa pale chini nilikuwa nakumbuka kicheko. Miaka yote ya simu sikuwahi kumsikia mtoto yule akicheka kwa ajili ya jambo nililofanya mimi.

Binti yangu alipiga. "Baba, umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

"Basi Jumapili ijayo tena."

Ndivyo ilivyoanza. Kwenye duka la dawa nilimkuta binti mmoja mpole anayeuza. "Nataka dawa ya kichefuchefu cha safari," nikamwambia.

"Unasafiri lini, mzee?"

"Jumapili, nikitoka kanisani."

"Mbali?"

"Kwa mjukuu."

Akanitakia safari njema na kunionya kwamba dawa ile inaleta usingizi. Ni kweli. Jumapili iliyofuata nilisinzia nikiwa angani, nikagonga kisiwa, na mjukuu wangu akadhani ni mzaha, akacheka mpaka akakohoa. Nikaacha dawa nikahamia tangawizi. Nilijifunza kuwasha feni inipulizie usoni, kutokula kitu tangu asubuhi, na kuweka ndoo karibu na mguu wa kushoto ili niipapase bila kuiona. Vyote hivyo vilipunguza mambo kidogo, lakini havikuyamaliza. Ikinizidi nilizima kipaza sauti cha miwani kwa kidole, nikatapika, nikawasha tena, nikasema, "Nipo!"

Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya, na baada ya ibada tulizoea kubaki kufanya mazoezi halafu kula pamoja. Nikaanza kuondoka mapema. Mwanzoni waliniuliza ninakimbilia wapi. Nikajibu kwamba nina mgeni, na wakaacha kuniuliza. Jumatatu na Jumanne mwili ulikuwa bado mzito, sitaki kutoka. Kuanzia Jumatano nikawa naisubiri Jumapili na kuiogopa kwa pamoja.

Aliyenigundua ni jirani, mama wa Kidigo aliyekuwa rafiki mkubwa wa mke wangu. Bado ananiita shemeji. Alikuja na bakuli la kunde za nazi, akabisha hodi, hakusikia jibu, akachungulia dirishani. Akaniona nimefunikwa macho, nimetanua mikono, nayumba, halafu nikainamia ndoo. Nilipovua miwani alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mkononi.

"Shemeji, hii ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukaa.

"Mtoto anajua kwamba unaumwa?"

"Hajui."

"Mama yake?"

"Hajui."

"Basi huyo mtoto anacheza na nani?" Aliweka bakuli mezani na kulifunika vizuri. "Maana mimi niliyemwona hapa si huyo anayemwona yeye."

Nilimshukuru kwa kunde. Sikuweza kuzila mpaka kesho yake.

Mwisho wa mambo yale ulikuja siku mjukuu wangu alipopata njia mpya angani, handaki la mawingu linalojipinda kama skrubu. "Babu, twende!" Niliingia. Katikati ya mapindo mwili wangu ulijaribu kujisawazisha na kitu kisichokuwepo, nikaegemea hewa, nikaanguka. Nyusi yangu ilipiga kona ya kabati. Miwani ikachomoka ikaviringika sakafuni, na kutoka ndani yake nikasikia sauti ndogo ikiniita, kwanza kwa furaha, halafu kwa wasiwasi, halafu kwa lugha ya kwao, haraka haraka. "Babu? Babu!" Nilitaka kumjibu. Badala yake nilitapika palepale, na safari hii kipaza sauti hakikuwa kimezimwa.

Jirani, aliyesikia kishindo, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa bajaji, kanga yake ikiwa imebanwa kwenye uso wangu. Walinishona. Nilipotoka simu ilikuwa imejaa miito ya binti yangu.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, pengine ili mtoto asisikie.

"Miezi yote hii? Na kila nikikuuliza unasema umefurahi?"

"Nilikuwa nimefurahi."

"Unatapika, umefurahi?"

"Vyote viwili, mwanangu."

Alilia. Marehemu mama yake naye alikuwa akilia hivyo, bila sauti, unajua tu kwa sababu pumzi imekatika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niache."

"Ningekuambia uache, ndiyo! Ni mchezo tu, baba. Haina maana mtu kuumia kwa ajili ya mchezo."

Kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko jeraha. Mtoto alikuwa chini ya meza, hataki kutoka. Alikuwa anasema yeye ndiye aliyemwangusha babu.

Tukarudi kwenye simu. "Shikamoo babu." "Marahaba." Sasa hata "sijambo" ilikuwa inatoka kwa shida, na macho yake yaliganda kwenye bandeji yangu. Nilimwambia kupitia mama yake kwamba nimepona, kwamba babu huanguka hata akiwa hachezi. Mama alitafsiri. Mtoto alitikisa kichwa na kuondoka. Safari hii alitembea, hakukimbia.

Miwani niliirudisha kwenye boksi lake. Jumapili zikawa ndefu. Ningeweza kurudi kwenye mazoezi ya kwaya, lakini niliona haya, kwa sababu yule mgeni niliyewaambia habari zake hakuwepo tena, wala hakuna aliyeuliza ameenda wapi. Nilikaa sebuleni na kujiuliza kwa makini kama kitu kile kilikuwa na faida yoyote. Kilinipa nusu saa ya mtoto mwenye kichwa cha mbweha. Kilinichukulia siku mbili za mwili wangu kila wiki, pamoja na watu wachache niliokuwa nao. Mtu mwenye akili timamu angeliuza boksi. Nilikwenda hata kumuuliza kijana mmoja wa duka la simu kama linanunulika, akasema lilete nilione. Sikulipeleka.

Badala yake, asubuhi moja nililifungua. Fundi umeme akikuta hitilafu hukata waya mmoja mmoja mpaka amjue mkosaji. Nilikumbuka kwamba kwenye kile chumba cheupe cha mwanzo sikuwahi kuumwa hata mara moja. Nikavaa miwani na kusimama humo. Nikatembea hatua zangu mwenyewe, mbili mbele, mbili nyuma. Tumbo lilitulia. Nikainama, nikageuka, hakuna kitu. Nikaelewa kwamba kinachoniangusha ni kubebwa. Kila macho yanapobebwa na miguu ikabaki, mimi naumwa. Nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe, mwili hauna ugomvi.

Nikaanza kutafuta michezo isiyombeba mtu. Mingi haikunivutia. Mmoja ulikuwa si mchezo hasa. Ulikupa kalamu, na ukiisogeza hewani inaacha mstari wa rangi unaobaki ukielea mahali pake, unaweza kuuzunguka na kuutazama nyuma. Nilichora mstari mmoja mweupe kutoka sakafuni hadi kimo cha kichwa changu, kisha mwingine, kisha wa juu wa kuunganisha. Ulikuwa mlango. Nikasimama mbele yake muda mrefu.

Kwa wiki kadhaa nilichora nyumba yangu. Kazini nilikuwa nimechora ramani za umeme za nyumba za watu wengine maisha yangu yote, lakini hii niliichora kwa ukubwa wake halisi, nikipima kwa mkono, nikivua miwani kuhakikisha na kuvaa tena. Sebule, dirisha la upande wa barabara, meza, kabati lililonipasua nyusi. Jikoni. Chumba chetu. Karibu na mlango wa jikoni nilichora kigoda cha mke wangu, alichokuwa akikalia kukuna nazi. Nilijaribu kumchora yeye mwenyewe amekikalia. Mabega yalikubali. Uso ulinishinda. Niliufuta, nikaufanya tena, nikaufuta, mwishowe nikafuta na mabega, nikakiacha kigoda kitupu.

Nilimwambia binti yangu amruhusu mtoto aingie humo. Hakutaka. Nilimwapia kwamba siumwi, kwamba ataniona kwa video kupitia simu ya jirani, aje ashuhudie. Jirani alikubali, akakaa kwenye kochi ameishika simu yake juu kunielekezea. "Anaonekana mzima," alimwambia binti yangu. "Rangi yake nzuri. Namtazama mimi."

Mjukuu wangu akaingia polepole. Mbweha alisimama mbali na mimi, mikono imeshushwa. Sikumwita. Nilikwenda kwenye mlango, nikaugusa, nikasema, "Mlango."

Akausogelea. "Mlango," akasema.

"Dirisha."

"Dirisha."

Alipita mlangoni ingawa angeweza kupita popote, maana kuta zilikuwa mistari tu. Ndani akaanza kuniuliza mwenyewe. Anaonyesha kidole, "Hii?" Nami namwambia. Meza. Kabati. Sufuria. Feni. Kwenye kigoda alisimama.

"Hii?"

"Kigoda. Cha bibi."

"Bibi," akasema. Akakizunguka. Akachuchumaa, ile kofia nyekundu ikashuka karibu na sakafu, akakaa juu yake, au mahali ambapo kingekuwa. Upande wake alikuwa amekaa sakafuni kwenye baridi ya huko. Upande wangu nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, na kigoda chenyewe kilikuwa pale pale, hakuna mtu. Nilimsikia jirani akivuta makamasi kwenye kochi.

Jumapili zilizofuata alikuja. Alijua vitu vyote vya nyumba yangu kwa majina. Alipokosea nilimrekebisha, nilipojaribu maneno ya kwao alinicheka. Sikuumwa hata siku moja.

Natamani ningeweza kusema hali ikaendelea hivyo. Mtoto anakua. Akaanza kuogelea Jumapili, halafu akapata marafiki, na mchezo wa kuruka ulikuwa na wenzake wanaoweza kupita handaki la mawingu bila kuanguka. Alikuja wiki moja, akakosa mbili. Akija alikaa dakika chache. Binti yangu aliniomba radhi kila mara na mimi kila mara nilimwambia hakuna neno, kwa sababu kweli hakukuwa na neno la kusema. Niliingia peke yangu nikasubiri kwenye sebule ya mistari. Nikichoka kusubiri nilivua miwani, nikajikuta kwenye sebule ileile, kabati lilelile, na ukimya mmoja kote kuwili.

Nikarudi kwaya. Walinipisha mahali pangu kwenye safu ya besi bila maswali, na baada ya mazoezi nikabaki kula nao. Miwani ilikaa boksini mwezi mzima.

Siku niliyoitoa nilitaka kuangalia tu kama bado inawaka. Nilipoingia kwenye nyumba niliyoichora nilikuta kitu ambacho sikukichora mimi. Katikati ya sebule kulikuwa na kitanda. Kidogo, cha kijani, mistari yake imepinda, mguu mmoja mrefu kuliko mingine, kimewekwa mahali ambapo mtu mzima hawezi kuweka kitanda, njiani kabisa kati ya meza na mlango wa jikoni.

Nilimpigia binti yangu. Hakujua habari zake. Akaniambia nisubiri, nikasikia wakizungumza kwa lugha yao, kisha akarudi.

"Anasema alikichora siku aliyokuwa na homa, hakwenda shule. Aliingia kukutafuta. Anasema hukuwepo."

"Ilikuwa siku gani?"

"Katikati ya wiki. Hajui."

"Kitanda ni cha nani?"

Wakazungumza tena. "Anasema ni cha kwake. Mtu akija kwako atalala wapi, anauliza."

Nilimwambia binti yangu amshukuru, nikakata simu kabla hajaniuliza kama nalia. Yule kijana wa duka la simu nilipomkuta njiani aliniuliza lile boksi nimeliuza wapi. Nikamwambia haliuzwi. Akasema vitu hivyo vinapitwa na wakati haraka, nikamwambia najua.

Jumatatu, siku isiyo ya mtu yeyote, niliivaa tena. Hakuwepo. Nikasimama mbele ya kile kitanda, nikachagua rangi nyeupe, nikachora mto, nikachora na shuka, nikaikunja upande mmoja kama mke wangu alivyokuwa akiwakunjia wageni. Kisha nikavua miwani, nikaenda jikoni kubandika wali wa mtu mmoja.